Kutafuta Kazi Ukiwa Kigoma: Kuanzia Simu Yako Hadi Miezi ya Kwanza Kazini

Kwa miaka kadhaa kazi yangu pale Kasulu ilikuwa kupokea na kupanga maombi ya kazi. Bahasha na barua pepe zilizochapishwa zinarundikwa mezani, kamati inakaa, na mara nyingi kabla hatujafika kwenye vyeti mtu mmoja husoma jina na kusema, "Huyu namfahamu, alijitolea kufundisha hisabati shule ya jirani na kwetu." Au husema, "Huyu si ndiye aliyemtukana mwajiri wake Facebook mwaka jana?" Maneno hayo hayaandikwi popote, lakini kila aliyeko mezani ameyasikia.

Mkoa wetu ni mpana, ila watu wake wanajuana. Aliyeko Kibondo ana shemeji Ujiji, mwenye duka Mwanga alisoma na mhasibu wa Uvinza. Kwa hiyo anayetafuta kazi hapa anapeleka vitu viwili kwa pamoja, karatasi zake na jina lake. Siku hizi jina hilo linakaa zaidi ndani ya simu kuliko barazani. Nimewaona vijana wazuri wakikosa kazi kwa mambo ambayo yangerekebishwa kwa jioni moja, na inaniuma, ndiyo maana nayaandika haya kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Weka nyaraka sawa kabla tangazo halijatoka

Anza na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Sisi wa mikoa ya mpakani tunajua habari hii: unaweza kuhojiwa na Uhamiaji kuhusu wazazi na hata babu zako, na shughuli hiyo ikachukua miezi. Matangazo ya kazi hukaa wazi wiki mbili hivi. Ukianza kuhangaikia NIDA siku tangazo limetoka, umeshachelewa. Nenda na cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na nyaraka zozote za wazazi zilizopo nyumbani. Ukiulizwa maswali, jibu kwa utulivu, hata kama yanakuudhi.

Kisha linganisha majina. Toa cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na kitambulisho, vipange mezani, usome herufi kwa herufi. Hamisi kwenye cheti kimoja na Khamis kwenye kingine ni tatizo. Jina la babu likiwepo huku na kukosekana kule, pia ni tatizo. Mwone wakili mapema akuandalie hati ya kiapo ya kuthibitisha majina, na kama tofauti ni kubwa akueleze hatua za kubadili jina kisheria.

Kwa kazi za serikali, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haipokei karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita badala ya cheti chenyewe. Kama cheti chako bado kiko shuleni, kifuate wiki hii.

Hatua ya 2: Akaunti iwe yako, si ya mwenye steshenari

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona machozi mengi zaidi.

Kijana anaingia steshenari pale Mwanga, anasema anataka kuomba kazi. Mwenye steshenari ni mtu mwema na ana haraka, foleni ni ndefu. Anamfungulia barua pepe kwa simu yake mwenyewe, anaweka nywila anayowawekea wateja wote, anamfungulia akaunti ya Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, kwa barua pepe hiyo hiyo, anapakia vyeti, anapokea shilingi zake. Kijana anaondoka na karatasi moja mkononi, akiamini ameshaomba. Miezi miwili baadaye majina ya walioitwa kwenye usaili yanatoka. Hana nywila, hakumbuki barua pepe yenyewe iliandikwaje, na mwenye steshenari amebadilisha simu. Dada mmoja wa Gungu alikuja kwangu siku ya nne baada ya usaili kupita. Jina lake lilikuwa kwenye orodha.

Steshenari ni msaada mkubwa, itumie, lakini kwa masharti yako. Barua pepe ifungue mwenyewe, kwa simu yako au ya mtu wa nyumbani, kwa kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Anwani iwe jina lako tu. *Mrembo_wa_buzebazeba* iache kwa marafiki. Nywila iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Skani vyeti mara moja, kwa rangi, kila cheti faili lake, na ulipe jina linaloeleweka. Vitume kwenye barua pepe yako, kisha ukiwa bado umesimama pale pale vifungue uone kama vinasomeka. Nimepokea "cheti cha taaluma" ambacho ukikifungua unakuta kadi ya mwaliko wa harusi ya mtu mwingine. Kabla ya kuondoka, hakikisha akaunti yako imefungwa kwenye kompyuta ya dukani.

Ndani ya Ajira Portal angalia sana sehemu ya makazi ya sasa. Kuna usaili wa kuandika ambao hupangwa mikoani kwa kufuata makazi uliyojaza. Kama uliandika Dar es Salaam ulipokuwa chuoni na sasa umerudi Kigoma, badilisha, la sivyo utaitwa kwenye kituo cha mbali na nauli huna.

Hatua ya 3: CV na barua

CV ya kuazima inajulikana. Siku moja nilikuwa na CV 11 zenye aya moja ya kwanza, neno kwa neno, na mbili kati yake zilikuwa na wadhamini wale wale watatu. Mmoja wa wale wadhamini nilipompigia alisema hamjui mwombaji yeyote kati ya hao wawili.

Kurasa mbili zinatosha. Andika ulichofanya, si sifa zako. "Mchapakazi na mwaminifu" kila mtu anaandika. Lakini "Nilisimamia stoo ya mawese ya familia, nikiandika madumu yanayoingia na kutoka kila siku kwa mwaka mmoja" hilo mtu analiona. Usidharau kazi uliyofanya bila barua ya ajira. Kupokea dagaa Kibirizi na kuandika hesabu, kuuza duka la mjomba, kuwa wakala wa huduma za fedha, kuwa katibu wa kikundi cha vikoba, yote hayo ni kazi, na kwa nafasi ya karani au mtunza stoo yana uzito kuliko cheti cha semina ya siku moja.

Barua itaje nafasi kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, iwe na tarehe na sahihi. Kama tangazo limetoka kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza, na umpe mwalimu unayemwamini aipitie. Mashirika yanayohudumia wakimbizi, kama wale wa kambi ya Nyarugusu iliyoanzishwa 1996, kwa kawaida huandikiana kwa Kiingereza.

Wadhamini waombe ruhusa kwanza. Mpigie, umsalimie, umweleze unaomba kazi gani na wapi, ili simu ikimfika asishtuke. Mdhamini anayesema "Nani? Hebu nikumbushe" amekuharibia bila kukusudia.

Hatua ya 4: Safisha simu yako

Siku ya kuchambua maombi kulikuwa na mwenzetu ambaye akishaona namba ya mwombaji anaihifadhi, kisha anafungua WhatsApp kutazama picha na stetasi. Si haki sana, lakini ndivyo ilivyokuwa, na waajiri wengi hufanya hivyo.

Chukua jioni moja. Picha ya WhatsApp iwe uso wako unaoonekana. Jina liwe jina lako, "Don wa Mwanga" lipumzike kwanza. Wimbo wa kuitikia simu kama una matusi uondoe. Facebook na Instagram pitia ulichoandika miaka mitatu iliyopita: matusi ya mpira, ugomvi wa siasa, picha za starehe, maneno ya kuwakebehi watu wa dini au kabila fulani. Futa. Sikuambii uwe mtu mwingine, nakwambia mtu asiyekujua atakujua kwa hayo kwanza. Kumbuka pia kwamba tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015; kuna maneno ambayo yanaweza kukupeleka mbali kuliko kukosa kazi tu.

Jambo ambalo huwa nalisisitiza zaidi: usimtukane mwajiri wa zamani mtandaoni, hata kama amekudhulumu kweli. Dhuluma ina mahali pake pa kupelekwa, nitapataja mbele. Stetasi inafutika baada ya saa 24, lakini mtu akishaipiga picha ya skrini haifutiki.

Baada ya kusafisha, itumie simu hiyo ikusaidie. Fundi umeme anayeweka picha za kazi aliyomaliza, kabla na baada, anapata wateja kuanzia Bangwe hadi Katubuka. Mhasibu aliyemaliza chuo anaweza kufungua akaunti ya LinkedIn, maana mashirika makubwa hutazama huko. Mwalimu akieleza mada moja kwa dakika mbili kwenye video anaonyesha uwezo wake kuliko barua kumi.

Hatua ya 5: Tafuta, na uombe kwa heshima

Usisubiri kila kitu kwenye makundi ya WhatsApp. Mbao za matangazo bado zinafanya kazi Kigoma: halmashauri, ofisi za kata, bandarini, milango ya mashirika Kasulu na Kibondo. Tembelea mara moja kwa wiki. Mradi wa reli ya kisasa wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, ambao mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, nao huhitaji vibarua, madereva, mafundi na watunza stoo. Kazi ya namna hiyo husikika kwanza kwa wenyeviti wa vijiji na watendaji wa kata zinazopitiwa na reli, kwa hiyo anza kwao.

Watu husema kila kitu ni koneksheni. Kuna ukweli ndani yake, lakini wengi huelewa koneksheni kuwa ni mjomba mkubwa. Mara nyingi ni mtu wa kawaida anayejua unatafuta nini hasa. Angalia ujumbe huu niliowahi kutumiwa: "Mambo boss. Nisaidie kazi yoyote." Sikujua ni nani, anajua nini, yuko wapi. Nilimjibu, ila sikuwa na cha kumsaidia. Sasa linganisha na huu:

"Shikamoo mama. Naitwa Zuhura, nimepewa namba yako na mwalimu wangu wa Ujiji. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, nimejitolea stoo ya dawa miezi sita. Natafuta nafasi ya stoo, hata ya kujitolea. Ukisikia tangazo popote Kigoma au Kasulu, naomba unijulishe. Samahani kwa usumbufu."

Mtu akipata ujumbe kama huu anakumbuka. Ukipita mwezi, mkumbushe mara moja kwa upole. Usimpigie usiku, usimpigie mara sita mfululizo, na usitume "?" peke yake.

Kuhusu vishoka. Yeyote anayetaka hela ya fomu, ya sare, ya vipimo vya afya au ya "kulainisha" kabla hujapewa kazi, achana naye. Utamjua kwa dalili: anakuharakisha, anataka utume kwenye namba ya mtu binafsi, na barua yake ina nembo ya serikali iliyofifia. Tangazo la serikali lithibitishe kwenye tovuti inayoishia na .go.tz. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, na bonyeza *106# uone kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Kazi za ndani za nje ya nchi zinazotangazwa kwa sauti tamu kwenye makundi, usikubali kusafiri kabla familia haijauona mkataba na kabla hujaulizia kwa ofisi ya kazi ya serikali.

Akitokea mtu anayetaka mwili wako ndipo akupe kazi, huo si uhusiano wala bahati. Ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bila malipo kwa namba 113. Hifadhi ujumbe wake, mwambie mtu mzima unayemwamini, usiende kuonana naye peke yako. Wasichana, na wavulana pia, hili si kosa lenu na wala si aibu yenu.

Hatua ya 6: Usaili

Ukiitwa Dodoma, safari ya basi kutoka hapa ni ya siku nzima, na basi linaweza kuharibika njiani. Fika siku moja kabla. Anza kuweka nauli tangu siku ulipotuma maombi, hata elfu mbili mbili. Vyeti halisi vikae kwenye begi la mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki. Kamwe usiviweke kwenye buti la basi pamoja na madumu ya mawese. Nimeona cheti cha diploma kikiwa na rangi ya chungwa kutoka kona hadi kona.

Siku yenyewe vaa nguo safi iliyopigwa pasi, hata kama ni ya kuazima. Salimia wote, akiwamo mlinzi wa getini. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui na eleza ungelitafutaje. Kubahatisha kunaonekana. Ukiulizwa kwa nini unataka kazi hii, usijibu "maisha magumu", maana wote mliokaa kwenye benchi pale nje maisha yenu ni magumu. Eleza unachoweza kuwafanyia.

Hatua ya 7: Miezi ya kwanza kazini

Kwanza mkataba. Soma kabla ya kusaini, uliza, na chukua nakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kwa wanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe haupaswi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Angalia salio lako mapema. Wapo waliogundua baada ya miaka miwili kwamba walikuwa wanakatwa lakini michango haipelekwi.

Kisha watu. Wiki za kwanza sikiliza kuliko unavyosema. Kila ofisi ina makundi yake, na kila kundi litajaribu kukuvuta kwa kukusimulia ubaya wa wengine. Pokea kwa adabu, usiongeze neno lako, usilipeleke kokote. Majungu ya ofisini Kigoma hayaishii ofisini, yanafika sokoni na msibani.

Lugha nayo ina uzito. Sisi Waha tukikutana wawili tunateleza kwenye Kiha bila kujua, na mwenzetu aliyetoka Mbeya au Tanga anabaki anatuangalia midomo. Anadhani anasemwa. Rudini kwenye Kiswahili akiwepo, ni heshima ndogo inayojenga urafiki mkubwa.

Pesa: usikope wala kukopesha wenzako miezi mitatu ya kwanza. Michango ya harusi na misiba toa unachoweza, bila kushindana. Kundi la WhatsApp la ofisi ni la ofisi, kwa hiyo video za vichekesho na mabishano ya Simba na Yanga yapelekwe kwingine, na usitume picha za nyaraka za kazi kwa mtu wa nje, hata mke au mume.

Mapenzi kazini hutokea, sitajifanya sijui. Yakitokea kati ya watu wawili huru na walio sawa, fuateni kanuni za mwajiri na msiyafanye kuwa habari ya kila mtu. Kati ya bosi na aliye chini yake, ushauri wangu ni msianze. Nimeona yakivunjika, na kila mara aliyeondoka kazini ni yule mdogo.

Mkikosana, mfuate mwenzako pembeni, ana kwa ana, siku ile ile au kesho yake. Sema kilichotokea, si tabia yake: "Jana ulinikatiza mbele ya wageni, nilijisikia vibaya" inasikilizika, "Wewe una dharau" inawasha moto. Ikishindikana, nenda kwa msimamizi kwa maandishi yenye tarehe. Na ukiachishwa kazi ukaona si haki, mlango wa kugonga ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku ni 30 tu tangu ulipoachishwa. Wengi huzimaliza siku hizo wakilalamika kwenye stetasi.

Kazi za miradi huisha. Fedha za wafadhili zikikatika, barua hutoka kwa wote, wazembe na wachapakazi. Siku ikifika, au ukiamua kuondoka mwenyewe, toa notisi kwa maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Kabidhi funguo, vifaa na mafaili kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili. Omba cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria. Mwombe msimamizi ruhusa ya kumtaja kama mdhamini, na namba yake iandike kwenye lile daftari la nyumbani lenye nywila, kwa sababu simu huibiwa.